Udongo wa Njia ya Kipushi

Mpaka leo nikisikia harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, nachukia kwanza, halafu ndipo nakumbuka. Wakati wa Wabelgiji, kiangazi kimoja kizima, uwanja wetu pale Élisabethville haukuwa wetu. Baba alikuwa akimchimbia mashimo Mzungu mmoja aliyechunguza udongo wa porini, na kila walichochimba kilianikwa kwetu juu ya magazeti: mwekundu, wa manjano, mweusi, kila fungu na kikaratasi chake. Hapa usifagie, pale usitwange, kuku wasipite. Na wa kufukuza kuku ni nani? Mimi! Wenzangu wanaruka kamba barabarani, mimi nalinda udongo, kana kwamba Katanga nzima imeishiwa udongo.

Mama alikuwa mjamzito, na wajawazito wa kwetu hutafuna udongo wa kichuguu. Nyuma ya jiko letu kilikuwapo kimoja, kikubwa tu. Lakini wapi! Alikionja mara moja akatema. Ijumaa jioni, Mzungu akitarajiwa kesho yake adhuhuri kuja kuchukua mafungu yake, baba akakuta gazeti moja tupu, kimebaki kikaratasi. Ulikuwa udongo wa kichuguu cha njia ya Kipushi, na bwana yule alikwisha kumfukuza mchimbaji mwingine kwa kuchanganya mafungu tu. Kazi ikienda, na nyumba ya kambi ya wafanyakazi inaenda. Baba akanigeukia mimi na kuku wangu, macho yamemtoka. Mama akaweka mwiko chini.

"Acha mutoto. Ni miye njo nilikula. Ile ya nyuma ya jiko haiko tamu."

Baba alishika kichwa, akasonya, akasema kumbe ameoa mchwa. Alfajiri akapanda baiskeli bila hata chai. Alirudi kabla ya bwana kufika, mwekundu mpaka kope, bado ananung'unika, na mifuko miwili. Mmoja akaumwaga juu ya gazeti. Wa pili, mkubwa zaidi, akaubwaga mbele ya mama bila kumwangalia.

Mtoto yule wa tumboni ndiye mdogo wangu, na ndiye aliyemwaga saruji uwanja mzima, ukuta kwa ukuta, ati vumbi linamsumbua. Vumbi, yeye! Juzi nilitaka kupanda kitunguu kidogo tu. Nilizunguka nyumba na jembe mkononi, sikupata udongo wa kujaza kiganja. Nikaenda kuununua sokoni, nimenuna, na njiani nikafungua mfuko nikauonja. Haukuwa mtamu hata kidogo.