Nyumba ya Kiingereza Isiyo na Baraza

Nina stashahada ya ujenzi niliyoipata Uingereza, na ada nililipa mwenyewe kwa kufua mashuka ya hoteli. Nimekarabati nyumba zenye miaka mia mbili na zaidi, zilizojengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, mtaa mzima. Hapa Kilindoni sijakutana na fundi mwingine awezaye kusema hivyo.

Kwa hiyo niliporudi kumjengea mama, nilimjengea mojawapo ya nyumba zile. Nyembamba, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, uso umenyooka. Madirisha ya chini ni marefu, kisha yanapungua kadiri unavyopanda, hadi ya mwisho yanabaki kama ya stoo. Mbele, kati ya mlango na njia, nilichimba shimo la kushukia kwenye jiko la chini ya ardhi, nikalizungushia vyuma vyenye ncha na kuweka kidaraja cha mawe. Nyumba zile hazikamiliki bila shimo hilo.

Kiwanja kiko karibu na pwani. Bamvua la kwanza, bahari ilipojaa kupita kawaida, maji yakajaa jikoni. Nilikuwa na ndoo mkononi mama alipofika kutoka Kirongwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baraza liko wapi?"

"Nyumba hizi hazina baraza."

"Sasa wageni wangu niwapokelee wapi? Humo shimoni, wakusaidie kuchota?"

Nikamweleza juu ya madirisha. Akauliza yale madogo ya juu ni ya nani. Nikasema zamani walilala watumishi.

"Na wewe huko ulikaa ghorofa ya ngapi?"

Miaka tisa nilipanga chumba cha chini ya ardhi. Dirishani niliona miguu ya wapita njia tu. Nikaonyesha shimo kwa kidole.

"Ndiyo ukaona uje unichimbie na mimi?"

Akarudi Kirongwe. Alisema hahamii mpaka apate pa kukaa na watu.

Nililifukia shimo kwa mikono yangu, kifusi toroli kwa toroli, nikang'oa vyuma, nikajenga baraza juu yake. Mgongo haujapona mpaka leo.

Mama amehamia. Analala chini, ngazi hajazipanda hata mara moja. Mimi nalala juu kabisa, kwenye chumba chenye dirisha dogo. Asubuhi, kabla sijapata nguvu ya kushuka, namsikia barazani akiwaambia wageni kwamba nyumba hii ameichora mwanawe, kila dirisha kwa kipimo, na kwamba ana stashahada.