Tiketi ya Rayya

Nilikwenda Marekani kumtoa mwanangu skuli. Waliokuja kuniaga nyumbani Ghubra, hapa Maskati, niliwaambia nakwenda kumtazama tu, na jirani yangu Bi Salma akaniletea bakuli zima la halwa nimpelekee mtoto. Sasa nimesharudi, na kila ninayekutana naye ananiuliza Marekani ikoje, basi nnaandika mara moja nisiwe narudia rudia. Mimi skuli niliishia darasa la tano. Mtanistahamilia.

Aliyenituma ni kaka yangu Nassor. Nnamtaja kwa jina kwa sababu mwenyewe hajapata kuona haya. Rayya, binti yangu, ana miaka kumi na tisa, na chuo chake hapa Maskati kilimpeleka kwa mwaka mmoja wa kubadilishana wanafunzi, akae na mume na mke wazee katika mji mdogo wa jimbo la Vermont. Mwanzoni mwa Oktoba alileta picha ya sikukuu ya mavuno: yeye juu ya mkokoteni uliojaa majani makavu, mtandio kichwani, na usoni kachorwa masharubu ya paka. Picha ikazunguka kwenye simu za jamaa mpaka ikamfikia Nassor wizarani kwake Al Khuwair. Alasiri hiyo hiyo alikuwa mlangoni kwangu.

"Huyu ndiye binti wa kwetu huyu?"

"Huyo paka," nikamwambia.

"Zuwena, sina masihara. Utakwenda umrudishe. Atasoma hapa, au atakaa."

Neno hilo "atakaa" nnalijua. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, baba keshakufa, mke wa Nassor kajifungua pacha, pakatakiwa mtu wa kuwabeba. Asubuhi basi la skuli likasimama, dereva akapiga honi, na Nassor akatoka kumwambia, "Zuwena hayuko skuli tena." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkoba mgongoni, viatu nimeshavaa. Kwa miaka mingi baadae basi lile lilipita saa ile ile, na mimi nilikuwa nnaanika nepi.

Mtasema kwa nini basi nilikubali. Nilikubali kwa sababu nimezoea. Nyumba ninayokaa ni ya Nassor, orodha ya mambo aliyoniamulia ni ndefu, na hilo lilikuwa moja zaidi. Visa nilikuwa nayo tayari, nilikusudia kumzuru Rayya. Nassor akaniletea tiketi mbili alizozipiga chapa ofisini: yangu ya kwenda na kurudi mwisho wa Novemba, na ya Rayya ya kurudi tu, kiti pembeni ya changu.

"Usimwambie mpaka zibaki siku mbili," akasema. "Asije akapata muda wa kulia."

Siku ya safari walikuja jamaa kutakana radhi. Kwetu msafiri hatoki na kinyongo. Kila mtu anasema nisamehe, naye anaambiwa nimekusamehe, ndipo anapanda gari. Nassor alikuja wa mwisho, mikono kaikunja juu ya tumbo la kanzu.

"Tusameheane, Zuwena. Mtu hajui."

"Mlango wa nyuma haujafungika vizuri," nikamjibu, nikaingia garini.

Angani kulikuwa na jambo la ajabu ambalo hakuna aliyeniambia. Tulikuwa tunakwenda upande wa magharibi na jua likawa linakwenda nasi. Lilikaa dirishani saa baada ya saa, halipandi wala halichwi, na chini mawingu yametandikwa kama pamba ya godoro lililochanwa. Nikalala, nikaamka, bado ni alasiri ile ile. Nikawaza, laiti ningekuwa humu tangu ile asubuhi ya honi, basi ingekuwa mpaka leo ni asubuhi, na dereva bado anasubiri.

Boston alikuja Rayya kunipokea. Alikuwa kanenepa. Pamoja naye alikuwa Bi Karoli, mwenyeji wake, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za askari, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kusema maneno mengi.

"Anasema kakusubiri sana," Rayya akasema. "Anasema mimi nakutaja kila siku."

"Unantaja kwa lipi?"

"Kwa mapishi, mama. Kwa nini tena?"

Njiani kuelekea kaskazini niliona miti yote imewaka. Milima na milima, nyekundu, manjano, rangi ya ndimu iliyoiva na rangi ya damu, na hakuna moshi. Nikashika kiti. Mimi na moto hatusikilizani. Shingo yangu upande wa kulia, na mkono mpaka kiwikoni, vimeungua. Mpira wa mtungi wa gesi ulikuwa umepasuka, nikamwambia mume wangu Khalfan, akasema kesho, nikamwambia tena, kesho, wiki tatu, mpaka ile kesho ikalipuka na mimi nimesimama mbele yake. Khalfan yuko Sohar sasa na mke mwengine, na nimesikia kamnunulia jiko la umeme.

"Ni majani tu, mama," Rayya akaninong'oneza. "Yanageuka rangi kabla hayajaanguka."

Mwisho wa Oktoba ilifika sikukuu yao ya Halowini. Jua likikaribia kuchwa watoto wanavaa nguo za kutisha na kupita nyumba kwa nyumba na mifuko, wanapewa peremende. Rayya aliponieleza nikaona kumbe ni karankasho yetu ile ya katikati ya Ramadhani, watoto na vifuko vyao wanaimba milangoni. Kwa hiyo nilipoachiwa mlango nilifanya tunavyofanya Ghubra. Walipogonga wanne, mchawi, mifupa, nyuki na sijui nini, nikawavuta ndani nikawakalisha chini kwenye zulia, nikaleta halwa ya Bi Salma na vikombe vya kahawa.

Mama zao walikuwa wamebaki nje kwenye njia, wanachungulia. Bi Karoli akatoka mbio kuwaeleza, nao wakaingia mmoja mmoja, wamevua viatu bila ya kuambiwa kwa sababu waliona vya watoto. Mtoto wa nyuki aliilamba halwa kwenye kiganja mpaka mstari wa mkono ukaonekana.

Yule aliyevaa mifupa alikuwa ananitazama shingoni. Mtandio ulikuwa umeteleza. Akamwambia Rayya neno, na Rayya akageuza uso.

"Kasema nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Sema."

"Anasema umewashinda wote. Kovu lako ndilo zuri kuliko yote aliyoyaona leo. Anauliza limetengenezwa na nani."

Miaka kumi na minne watu wananitazama shingoni na kutazama pembeni, na hakuna aliyewahi kulisifu.

"Mwambie fundi wake ni baba yako."

"Mama, hiyo siwezi kuifasiri."

Nikacheka. Nilicheka mpaka mama zao wakacheka bila ya kujua wanachochekea. Rayya peke yake hakucheka, lakini usiku ule alipokuja kuniaga alinibusu pale pale shingoni.

Katikati ya Novemba miti ilikuwa imeshavuliwa, imebaki mifupa. Bi Karoli kazi yake ni kuendesha basi la skuli, na mpaka siku zile lilikuwa likilazwa huko huko skuli. Sikuwa nimelijua hilo mpaka asubuhi moja nilipotoka kutafuta upepo nikalikuta uani, refu, la manjano, injini inanguruma na ukungu unatoka nyuma yake. Nikasimama kama niliyekutana na mtu aliyekufa. Bi Karoli akaniona nnavyotazama. Akawapeleka watoto wa skuli kwanza, kisha akarudi na basi tupu, akafungua mlango na kunipungia mkono.

Nikapanda. Nikakaa kiti cha mbele, na mkoba wangu mapajani. Hatukuwa na lugha, mimi na yeye, kwa hivyo hatukusema. Basi likapita mashamba yaliyolala, ghala jekundu, ng'ombe wanatoa mvuke puani, mto mweusi uliofanya ukoko wa barafu pembezoni. Kila kituo alisimamisha na kufungua mlango, hakuna mtu, akaufunga, tukaenda. Sijui alikuwa anafanya mchezo au ni mazowea ya mkono wake. Mimi kila mlango ulipofunguka niliona anapanda msichana wa miaka kumi na mbili, akapita kando yangu kwenda kukaa nyuma, na harufu ya sabuni ya nguo inamfuata.

Tulipofika skuli yenyewe akazima injini. Nikaifungua zipu ya mkoba kutafuta kitambaa cha kujifutia, na mkono wangu ukagusa ile karatasi ya tiketi. Nikaifunga zipu.

Ikafika sikukuu yao ya kushukuru, Alhamisi ya mwisho, na zikabaki siku mbili. Asubuhi theluji ikaanguka. Nilidhani theluji ina kishindo kama mvua. Kumbe haina sauti kabisa, inashuka kama kitu kinachokumbukwa. Nassor akapiga simu.

"Umeshamwambia?"

"Leo."

"Usiregeze moyo, Zuwena. Mimi nawatakia kheri nyote wawili, unalijua hilo."

Mezani tulikuwa wanne: mimi, Rayya, Bi Karoli na mumewe Deni, mzee mkimya mwenye kikohozi. Bi Karoli alikuwa kaendesha gari saa mbili kwenda na mbili kurudi kutafuta bata mzinga aliyechinjwa na Muislamu, kwa ajili yetu. Kabla ya kula, kila mtu anasema anachokishukuru. Deni akashukuru mapafu yake. Bi Karoli akasema mwaka huu nyumba yake ina kelele tena. Rayya akasema kwanza kwa Kiingereza, halafu akanigeukia, "Nimesema nakushukuru wewe, mama, uliyeniruhusu kuja."

Ikawa zamu yangu. Nilisema alhamdulillahi, nikataka kunyamaza, nikashindwa.

"Fasiri," nikamwambia Rayya. "Nnamshukuru Mungu nipo hai. Lakini nina watu watatu sijawashukuru, na nnataka kuwataja. Wa kwanza Khalfan, aliyesema kesho."

Rayya akafasiri, sauti ndogo.

"Wa pili Nassor, kaka yangu wa tumbo moja, aliyemwambia dereva sipo na mimi nipo nyuma ya mlango."

Hilo Rayya alikuwa halijui. Nilimwambia siku zote kuwa niliacha skuli kwa sababu sikuipenda. Akanitazama, kisha akafasiri, na Bi Karoli akaweka uma chini.

"Wa tatu ni mimi. Nina tiketi yako mkobani tangu Maskati. Keshokutwa ilikuwa turudi sote. Nimekula chakula cha watu hawa wiki sita na nimenyamaza nayo."

Hakufasiri. Deni akakohoa. Nje theluji ilikuwa inafunika basi, inalifanya kama mnyama aliyelala.

"Mama, ulikuwa unangojea nini?" akaniuliza mwisho.

"Sijui. Nilikuwa nnatazama."

"Unatazama nini?"

"Wewe unavyotoka asubuhi."

Nikatoa karatasi, nikaiweka kati ya bata na bakuli la maboga. Sikuichana, mimi si mtu wa vituko. Nilimsukumia tu.

"Yako. Ukitaka kurudi na mimi, karibu. Ukitaka kubaki, baki, na maneno ya Nassor niachie mimi, nimeshaungua vibaya zaidi."

Rayya akaikunja mara nne, akaitia chini ya sahani yake, akamwambia Bi Karoli maneno machache. Bi Karoli akainuka, nikadhani anakwenda kulia jikoni. Akaja na kisu kikubwa zaidi, akanikatia mimi paja la bata, lote.

Kwenye ndege ya kurudi, kiti pembeni yangu kilikuwa kitupu. Mhudumu alikuja mara mbili kuuliza mwenzangu yuko wapi, mwisho akaacha. Niliweka pale mtandio wangu mzito na mfuko wa majani makavu mekundu aliyonipa Bi Karoli. Safari hii jua lilizama upesi. Nikalala nikaota basi, limejaa.

Mnauliza nimejifunza nini. Theluji inachoma kama moto, hilo moja. Watoto wa kule wana adabu wakipewa halwa. Na mimi niliyewataja Nassor na Khalfan miaka yote kwa kila aliyenisikiliza, kumbe hadithi yangu ilikuwa na nafasi ya mkosaji wa tatu bado wazi, na ilibakia kidogo tu niikalie mimi. Kuwataja sitaacha. Najitaja na mimi.

Uwanja wa ndege Maskati Nassor alikuwa kasimama mbele ya kizuizi, kanzu imepigwa pasi, kofia sawa. Alinitazama mimi, akatazama nyuma yangu, watu wakawa wanapita na masanduku yao mpaka wakaisha, na mlango ukajifunga wenyewe.

"Wapi Rayya?"

Nikamkabidhi sanduku langu alibebe.

"Yuko skuli," nikamwambia.