Kunyonyesha Chini ya Kanga

Bibi yangu hakai tena mjini. Magoti yamezikataa ngazi, na sasa anaishi Fuoni kwa mjomba, nyumba ya chini yenye madirisha ya vioo. Kila nikipita Mkunazini hutazama juu, ghorofa ya pili, kwenye dirisha la chumba nilichokaa arubaini yangu. Waliohamia wamelipaka rangi ya buluu. Ndani ya chumba kile kulikuwa na joto, harufu ya udi, na bakuli la uji wa pilipili manga lililokuwa likijaa tena kabla sijalimaliza. Nakikumbuka kwa hamu kubwa, hata husahau kwamba wiki mbili za mwanzo nilikuwa nahesabu siku za kutoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja nyuma, na mtoto niliyemzaa alikuwa wa kwanza. Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja Kiwengwa na akija mjini siku ya Alkhamisi tu. Mama yangu alikuwa Maskati, hakupata ruhusa. Kwa hivyo nililelewa uzazi na Bibi, na kila asubuhi alikuwa akija mama mdogo kutoka Mtoni kunikanda kwa maji ya moto. Mama mdogo huyu hakuzaliwa tumbo moja na mama yangu. Walinyonya ziwa moja, na kwetu hilo linatosha kuwafanya ndugu. Nilikua nalijua jambo hilo kama ninavyojua jina la mtaa wetu, na sikuwahi kuuliza limetokana na nini.

Mimi ni mtu wa kujitayarisha. Wakati wa mimba nilisoma kila nilichokiona kwenye simu kuhusu kunyonyesha, na nilikuwa na daftari lenye safu mbili, kulia na kushoto. Mahali fulani nilisoma dakika kumi kila upande, na sikujiuliza aliyeandika ni nani. Niliitega simu. Ikilia, namtoa mtoto upande huu nampeleka upande wa pili. Kabla ya kunyonyesha naosha chuchu kwa sabuni, na baada ya kunyonyesha naosha tena, kwa sababu niliwaogopa wadudu wasioonekana kuliko kitu chochote duniani.

Siku ya nne nilianza kuumia. Siku ya sita chuchu ya kushoto ilipasuka, mstari mwembamba kama uliokatwa na karatasi, na siku ya nane nikaona damu kwenye mdomo wa mtoto. Nikisikia analia tu, vidole vyangu vya miguu vinajikunja. Nilikuwa nikiuma ncha ya kanga mpaka maumivu ya mwanzo yapite, na hayakuwa yakipita.

Hakuna aliyeona. Nyumba ya mzazi haikosi wageni, na wanawake walikuwa wakipanda ngazi tangu saa tatu asubuhi, wanakaa kitandani, wanataka kumwona mtoto kafanana na nani. Basi nilijifunika kanga kuanzia shingoni, nikamnyonyesha humo ndani gizani kwa kupapasa. Hata wageni walipoondoka sikuitoa. Bibi amezaa sita, na akizungumzia kunyonyesha ni kama anazungumzia kuvuta pumzi. Ningemwambiaje kwamba mimi, mwenye shahada, jambo ambalo paka wa uchochoroni wanaliweza limenishinda? Nilifikiri pengine maziwa yangu ni mabaya. Kisha nikafikiri pengine mtoto ananichukia, kisha kwamba mimi simpendi na mwili umegundua kabla yangu. Jumatano nilimwandikia mume wangu: kesho njoo na kopo la maziwa ya unga, nnaacha kunyonyesha. Akajibu: umemwambia Bibi?

Asubuhi ya Alkhamisi mama mdogo alinikanda mgongo na kiuno kama kawaida. Kitambaa cha moto kilipogusa ubavu wa ziwa, niliruka.

"Una nini?"

"Sina kitu, mama mdogo."

"Asiye na kitu haruki hivyo. Toa kanga."

"Bibi yuko mlangoni."

"Bibi yako kakuogesha mpaka umeingia skuli. Unamficha nini leo? Toa."

Niliitoa. Bibi alikuwa amesimama na sinia la chai na mkate wa boflo. Alitazama, akaliweka sinia chini polepole.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Ijumaa."

"Na sisi tumekaa hapa tunakula visheti."

Mtoto akaamka wakati huohuo. Mama mdogo akanipa na kusema, "Mnyonyeshe nione. Bila ya kanga." Nilikaa wima nimefungwa mkaja, ule mfungo wa kanga wa kurudisha tumbo la uzazi, na Bibi alikuwa ameukaza hata kupinda kiuno ni shida. Basi nikafanya nilivyozoea: niliinamisha mabega, nikampelekea mtoto ziwa, naye akaidaka ncha ya chuchu kwa midomo iliyobana. Nikakunja uso. Mama mdogo alikaa akitazama mpaka simu ikalia, nami nikamvuta mtoto. Akachomoka kwa mlio.

"Huyo si kizibo cha chupa, mwanangu," alisema. "Na hiyo simu inamwita nani?"

"Dakika zake zimekwisha."

"Kakwambia yeye?"

Bibi akacheka, akajizuia, kisha akacheka tena. Mama mdogo alianza kunifungua mkaja.

"Usimfungue," Bibi alisema. "Tumbo litabaki hivyo hivyo."

"Litangoja. Akimaliza nitamfunga, na sitamkaza kama gunia la karafuu."

Aliniwekea mito mgongoni nikaegemea. Akamlaza mtoto ubavu, tumbo lake kwenye tumbo langu, ili asiwe na haja ya kugeuza shingo. Akaniambia nisimsukume kichwa, nimshike mabegani, pua yake iwe mbele ya chuchu, kisha ningoje. "Ngoja afungue kinywa kama anayepiga miayo. Hapo ndipo umvute, kidevu kitangulie. Mtoto ndiye anayekuja kwenye ziwa, si ziwa linalomfuata mtoto. Na achukue na hapa palipo peusi, asishike ncha peke yake."

Mara ya kwanza iliuma. Alinionyesha jinsi ya kutia kidole kidogo, kisafi, pembeni ya mdomo wa mtoto mpaka aachie mwenyewe bila ya kuvutwa. Mara ya pili iliuma pia. Ya tatu iliuma, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha maumivu yakarudi nyuma, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia chini ya kanga. Mtoto alikuwa anameza.

Mtoto alipotosheka, mama mdogo aliniambia nikamue matone machache ya maziwa yangu, niyapake kwenye chuchu na niyaache yakauke kwa hewa. Sabuni nisiiguse tena, maji ya kuoga yanatosha. Nianze na upande usiouma sana, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu. Kitambaa kikilowa kifuani nikibadilishe. Bibi alitaka kunipaka asali.

"Asali si ya mtoto mchanga," mama mdogo alisema.

"Mimi nilijipaka, na wanangu wamekua."

Nilifungua simu nikatafuta, nikawasomea kwamba mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka. Bibi akaitazama simu ile kwa jicho baya. "Leo ndio imesema la maana," alisema.

"Na ukipata homa," mama mdogo aliendelea, "au ziwa likiwa jekundu na la moto, au ukiona mdomoni mwa mtoto weupe usiofutika, usiningoje mimi. Nenda hospitali."

Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alimshika mtoto mguu, akawa anauchezea.

"Unajua kwa nini mama yako alinyonya Mtoni?" aliuliza.

Nilisema nilidhani ni ujirani tu.

"Mimi niliacha. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza, kama huyu wako. Chuchu zilipasuka kuliko hizo, nikamficha mkwe wangu, nikaficha mpaka ziwa likafanya jipu. Sikuweza hata kumbeba. Mamake huyu mama yako mdogo alikuwa amezaa mwezi uleule. Akamchukua mama yako akamnyonyesha pamoja na wake. Hao watano wengine niliwanyonyesha wote. Yeye, sikumnyonyesha."

"Hukuwahi kutuambia, Bibi."

"Nani aliuliza?"

"Na mimi nikapunjwa maziwa," mama mdogo alisema, huku akikunja vitambaa. "Ndio maana mfupi."

Mume wangu alifika baada ya alasiri na kopo kwenye mfuko mweusi. Hakujua amkabidhi nani. Bibi akalipokea, akalisoma maandishi yake kwa mbali na kwa karibu, akalitia kabatini. "Halina dhambi," alisema. "Likihitajika, lipo."

Halikuhitajika, lakini mambo hayakwisha siku moja. Upande wa kulia ulipoa haraka. Wa kushoto ulijifunga, ukapasuka tena siku niliyomnyonyesha kwa haraka mbele ya wageni, ukachukua siku kumi nyingine. Baada ya hapo Bibi aliwazuia wageni ukumbini mpaka mtoto amalize. Mlango ukifungwa nilikuwa nikilala kifua wazi, nakauka, na wao wawili wanabishana juu ya sukari ya uji na nani alikuwa mtundu zaidi utotoni, mama yangu au mama mdogo. Sijapata tena siku kama zile, za kukaa bila ya kuficha chochote. Ninazitamani hata leo, na mwanangu sasa ananiuliza kwa nini anga halianguki.

Mama alipiga simu siku iliyofuata Alkhamisi ile, baada ya swala ya Ijumaa.

"Ananyonya?" aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Ananyonya, Mama," nilisema, na mara ile ilikuwa kweli. Kisha, bila ya kufikiri, nami si mtu wa kufanya jambo bila ya kufikiri, nikamwambia, "Zungumza na Bibi. Muulize kuhusu Mtoni."

Bibi aliichukua simu, akanitazama kidogo, akatoka nayo ukumbini na kuurudisha mlango. Walizungumza muda mrefu. Nilisikia sauti ya Bibi ikishuka, ikinyamaza, ikianza tena. Maneno sikuyapata, na mtoto alikuwa bado ananyonya, kwa hivyo sikuinuka.