Mkono Uliotumwa Sindano

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kwa vidole kuliko kwa kichwa, na jana umenirudisha huko kwa nguvu. Ulimgusa mama yako paji la uso huku umegeukia dirishani, ukibishana na wenzako habari za mpira, kisha ukatutangazia kwamba hana homa. Nilipoweka mkono wangu mimi, alikuwa anaungua, ikabidi tuhangaike kumtafutia kwinini. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua kinywa ningekutukana, na akutukanae hakuchagulii tusi. Basi soma.

Nilikuwa kijana niliyemaliza shule juzijuzi, nakaa Keko kwa shangazi yangu Mwanahawa huku nikingoja kazi ya ukarani. Keko ya siku zile ilikuwa minazi, mihogo na nyumba chache za udongo. Shangazi alishona magodoro ya sufi. Nimezurura sana tangu hapo, hadi Tanga, Mombasa na Lindi, na sijapata kulala pahala kama juu ya magodoro yake. Sufi niliichuma mimi kule Kipawa, nikaileta kwa gunia na kuichambua harakaharaka ili niwahi ngoma.

Binti yake, Zuhura, alikuwa amejifungua, na siku hiyo ninayokusimulia ilibaki moja tu mtoto atimize arubaini na kutolewa nje. Zuhura mwenyewe alikuwa akimshonea kigodoro kwa sufi ile niliyoileta. Mimi naye tulikuwa watani, binamu kwa binamu, wala hakunipa nafasi ya kupumua. Kwa ajili ya viatu vyangu aliniita karani, na asubuhi ile aliwaambia wanawake waliokuja kusaidia kupika kwamba karani wao viatu anavyo, kazi ndiyo hana. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mie nilichukia.

Godoro lilipokwisha kufungwa, shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, haikuonekana. Zuhura alikung'uta kanga yake, akainua mkeka, kisha akanigeukia.

"Andika, karani. Sindano imepotea."

Shangazi hakucheka. Alinipa lile godoro akaniambia nilipapase lote, polepole, maana mtoto atalala pale. Nililipapasa. Lakini nakwambia kweli, nilikuwa naomba sindano iwemo. Moyoni nilikwisha kumwona Zuhura akiona haya mbele ya wale wanawake kabla hata sijaanza. Na sindano ilikuwemo. Niliisikia upande wa miguuni, nikaichomoa, nikaiinua juu wote waione.

"Ungemlaza mwanao juu ya hii," nikasema. "Mama gani wewe?"

Zuhura alimvuta mtoto kifuani.

Shangazi alilichukua godoro. Aliweka viganja vyote viwili, akaacha kuzungumza, akaacha hata kututazama. Alipofika upande wa kichwani, mikono ikasimama.

"Lete kidole chako hapa."

Pale vidole vyangu vilikuwa vimeshapita, tena kwa kubonyeza. Naapa havikusikia kitu. Sasa nilipoelekezwa, kilikuwepo kitu kigumu chenye ncha, dhahiri kama jino kwenye ufizi, nikajiuliza mwanzo nilikuwa na mkono gani. Shangazi alifumua mshono, akatoa mwiba wa msufi, bado umeng'ang'ania kipande cha gome.

"Huu kauleta nani?" aliuliza. "Zuhura hajavuka kizingiti tangu ajifungue."

Mchuma janga hula na wa kwao, na mchumaji nilikuwa mimi.

"Hukuwa ukimtafutia mtoto usalama," shangazi alisema, kwa sauti ya chini jinsi alivyokasirika. "Ulikuwa ukimtafutia Zuhura aibu. Mkono umekuletea ulichoutuma, ukafurahi, ukaacha."

Zuhura aliupokea mwiba, akaugeuza kiganjani, akanitazama. "Andika, karani," alisema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tangu hapo simwamini mtu anayeniambia ameshagusa. Mkono wa jana ulikuwa wako, mwanangu, lakini mwenyewe ulikuwa uwanjani. Ukishika kitu, uwe pale unapokishika. Usiutume mkono ukathibitishe ulilokwisha kuliamua, uwe umeliamua kwa uvivu, kwa mapenzi au kwa hasira, maana utakuletea hilohilo na jingine litapita chini ya kidole usilijue. Na ukikipata ulichokuwa ukikitafuta, hapo ndipo upapase tena.

Bado nina hasira nawe, wala sifichi. Ila sikuandika haya ili uaibike. Nataka mama yako apone. Mungu aijaalie mikono yako isikudanganye, na popote utakapolaza ubavu, pasiwe na mwiba. Sasa weka karatasi hii chini, kaa kitandani kwa mama yako, umguse upya.