Kizimba Kilichoachia Mbele ya Wakwe

Jamani, hii aibu nimeibeba peke yangu mpaka mgongo umechoka, kwa hiyo leo naitua hapa mbele yenu, mkitaka kucheka chekeni, lakini mcheke mkijua kwamba mwenzenu alikaribia kukosa mke kwa sababu ya kupenda vitu vinavyong'aa.

Kazi yangu ni kuunga waya na mabati kwa mashine ya spoti, kwenye kibanda cha dada mmoja anayeitwa Rispa, hapa upande wa Shirere. Kwa asiyeijua, mashine ya spoti ina mikono miwili, mmoja juu mwingine chini, na kila mkono una ncha ya shaba. Unaweka waya mbili zikipishana katikati, unakanyaga pedali, ncha zinabana, umeme unapita na waya zinayeyuka pale pale na kushikana. Haina moshi mwingi wala cheche za kutisha, na ndiyo maana watu huona kama si kazi. Baba yake Nekesa aliona hivyo hivyo. Nekesa ndiye msichana niliyetaka kumuoa, na mzee wake, mkulima wa miwa huko Malava, alikuwa amemuuliza waziwazi, "Huyo mtu wako anagusishanga waya na waya, hiyo nayo ni kazi ya kulisha mtu?"

Akaongeza kwamba hatazungumza mambo ya ng'ombe wa mahari na watu wetu mpaka nimletee kitu nilichotengeneza kwa mikono yangu, akione. Kwa maneno mengine, ndoa yangu ilikuwa inasubiri kwenye mashine.

Nikaamua kutengeneza kizimba cha kuku, kikubwa, chenye sakafu ya bati na mkono wa kubebea juu, na niende nacho kikiwa na kuku ndani, maana kwetu huendi ukweni mikono mitupu, na bila ingokho, yaani kuku, hata salamu haijakamilika. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili timamu.

Sasa ncha za spoti zikishafanya kazi huchafuka. Zinakula masizi, zinashika zinki ya waya, zinapanuka kichwa, na ukiendelea kuzitumia hivyo kila unapochoma panabaki alama nyeusi yenye kishimo. Dawa yake inajulikana: zima umeme, acha ncha zipoe, zipitishie msasa laini polepole, na uilinde ile pua yake ndogo ya mviringo, kwa sababu ndiyo inayokusanya umeme mahali pamoja. Ukimaliza, sheria ya Rispa ni lazima upasue. Kupasua ni hivi: unachoma vipande viwili vya bati chakavu, halafu unavivuta kwa koleo mpaka viachane. Kimoja kikitoboka tundu, umechoma. Vikiachana safi bila tundu, hujachoma, umebandika. Rispa hutupasulisha hata siku za mvua, hata mteja akiwa amesimama mlangoni anapiga kelele.

Lakini wiki ile Rispa alikuwa amekwenda matangani Mumias, nami nikabaki bosi wa mashine na wa akili zangu mwenyewe (yaani hakuna bosi). Nikaona msasa hautoshi. Nikachukua tupa, nikailaza ile pua mpaka ikawa bapa, kwa sababu nilikuwa nimegundua, mwerevu mimi, kwamba ncha bapa haiachi kishimo wala weusi! Nikapitisha msasa, nikafuta kwa kitambaa, nikaing'arisha mpaka nikajiona meno. Nikaipiga picha nikamtumia Nekesa. Akajibu, "Ni nini hiyo?" Wivu, nikasema moyoni.

Ikaja zamu ya kupasua. Nikaviangalia vile vipande vya bati chakavu, vina kutu, vina grisi, nikaziangalia ncha zangu, nikasema hapana, siwezi kuzichafua kwa takataka kabla hazijagusa waya wa wakwe. Basi. Uamuzi wenyewe ni huo tu.

Kizimba kikatoka kizuri mno. Hakuna alama, hakuna doa, waya umelala juu ya waya kama zimezaliwa pamoja. Nikaingiza majike manne na jogoo mmoja mwekundu mwenye hasira, tukakifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira, kukizunguka chini na juu (ule mpira, nilikuja kuelewa baadaye, ndio uliokuwa fundi halisi siku ile), mimi na baba mdogo Ainea tukapanda nyingine, tukafika Malava salama.

Tukapokewa vizuri. "Mulembe," "mulembe muno," viti vikatolewa uani, kizimba kikashushwa katikati na mpira wake, majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja kama kawaida ya majirani. Mama yake Nekesa sikumwona, na sikupaswa kumwona, kwa sababu kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hamshiki mkono, hali naye, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kwenye majani. Alikuwa nyuma ya nyumba, jikoni, anasonga obusuma, ugali wetu, na mimi nilikuwa nimekaa nimeupa upande ule mgongo kwa heshima zote.

Baba mdogo Ainea akasimama kunisemea. Huyu mzee akipewa nafasi ya kusema hasemi, anahubiri. Akafungua ule mpira kwa madaha, akauzungusha mkononi, akasema, "Wakwe zetu, chema chajiuza, kwa hivyo mimi sitasema mingi." (Akasema mingi.) "Huyu kijana wetu akichoma kitu, hicho kitu hakiachani mpaka Bwana Yesu arudi!"

Majirani wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Akainuka, akakizunguka kizimba, akakikagua waya kwa waya, na mimi nikaona kabisa uso wake ukianza kulegea, akasema, "Kazi safi," na hilo neno likanishuka mpaka tumboni kama chai ya moto. Halafu akasema, "Huku kwetu tunainuanga kitu tujue uzito," akashika mkono wa juu akainua.

Mkono ukainuka, na paa na kuta vikainuka, lakini sakafu ikabaki chini, na kuku wote watano wakabaki wamesimama juu ya bati katikati ya uwanja, hawaamini, wanatuangalia kama sisi tunavyowaangalia. Kisha waya za kuta nazo zikaanza kuachia moja moja, pa, pa, pa, mzee akiwa bado ameinua mkono, mpaka akabaki ameshika kile kishikio peke yake.

Jogoo ndiye aliyeelewa kwanza. Akaruka kifuani kwa baba mdogo, baba mdogo akaanguka na kiti, majike yakatawanyika, na mimi, badala ya kukaa kimya nife polepole kama mtu mwenye adabu, nikachomoka kumkimbiza jike moja lililokuwa linazunguka nyumba. Nililiona hilo jike tu. Dunia nyingine sikuiona. Nikakata kona kwa kasi, nikajirusha, nikalikamata bawa, na bawa la pili likawa limekamatwa na mtu mwingine, tukagongana, tukaenda chini wote wawili kwenye majivu ya jikoni. Nilipofungua macho nikaona leso, nikaona mwiko, nikaona mama mkwe, na mkono wangu uko juu ya mkono wake.

Nilitaka ardhi ipasuke (kitu pekee ambacho siku ile hakikutaka kupasuka). Nyuma yangu majirani walikuwa wameshafika konani, wamejishika midomo, na Nekesa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nikajua nimemkosa. Niliumia kweli, sitanii, nilihisi machozi yanakuja pale pale kwenye majivu.

Mama mkwe akanitazama, akatazama mkono wangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama umeshanishika, basi shika na huyu kuku sawasawa, asitoroke tena."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee peke yake hakucheka. Aliniita uani, akaokota waya mbili zilizoachana, akazigeuza mbele ya pua yangu, zote laini, hakuna hata moja iliyong'oa nyama ya mwenzake, akaniuliza, "Kijana, hii ulichoma ama ulibandika na obusuma?"

Akasema nirudi mwezi ujao na kingine, na huo utakuwa mwisho wa kuuliza kwake.

Rispa aliporudi nilimweleza, akazishika zile ncha bapa, akasema tu, "Ni nzuri, uzivae masikioni," akanipa mpya. Kabla ya kizimba cha pili nilipasua vipande mpaka vidole vikavimba. Kikatoka na madoa meusi na vishimo kila kona, maana ncha yenye pua huacha alama hata ikiwa safi, sura mbaya, nikaona haya hata kukipandisha bodaboda.

Mzee safari ile hakuinua. Alikiweka chini, akapanda juu na gamubuti zake, miguu yote miwili, akarukaruka. Kizimba kikalia, kikabonyea katikati, kikapinda upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa, lakini hakuna hata alama moja iliyoachia. Akateremka polepole, akageuka kwa baba mdogo Ainea, akasema, "Haya, sasa tuongee ng'ombe."

Kwa hiyo nimeapa, na Nekesa, ambaye sasa ni mke wangu, ni shahidi: ncha sizing'arishi tena kwa ajili ya macho ya mtu. Nasafisha, napasua, ndipo naanza kujigamba. Kujigamba kwenyewe bado sijaacha, nimekuhamisha tu mpaka mwisho wa kazi.