Karatasi za Mtangazaji

Kila kijitabu cha masomo kilichonijia kwa posta kilikuwa na sentensi niliyoichukia kuliko zote: "Sasa fungua redio yako, usikilize kipindi kwa makini, kisha ujibu maswali yanayofuata." Mimi nilikuwa kiziwi.

Sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa kidato cha pili, nalala bweni, nilipougua homa ya uti wa mgongo. Nilipopata nafuu, masikio yalikuwa yamekwisha. Mkuu wa shule alimwambia baba kwamba shule yake haina mwalimu wa viziwi, nikarudishwa nyumbani milimani, kwenye migomba na tangawizi. Mama ndiye aliyenifundisha kusoma midomo, bila mwenyewe kujua kwamba anafundisha. Alinishika kidevu, akanigeuzia uso wake, akasema Chasu, lugha yetu ya nyumbani, polepole mpaka nielewe. Midomo ya Kiswahili nilikuja kujifunza baadaye, Same mjini, nilipokwenda kukaa na kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi stesheni.

Kaka ndiye aliyepata habari za masomo ya sekondari kwa posta. Alinipeleka kwa mratibu wa kituo, mtu mzima mwenye miwani, aliyepewa chumba nyuma ya shule ya msingi. Nikamwamkia. Kaka alipomweleza hali yangu, mratibu alichukua chaki akaandika ubaoni: "Binti, kwa posta hakuna haja ya masikio." Nilitoka pale nusura nikimbie kwa furaha.

Habari ya redio hakuigusa. Niliikuta mwenyewe kwenye kijitabu cha kwanza, na nilipomrudia kuuliza, alinijibu kwamba wanafunzi wote hukutana kituoni Jumamosi kusikiliza pamoja, nami nije.

Nikaenda. Aliponiona mlangoni akanionyesha kiti.

"Kaa mbele," akasema. "Mbele kabisa."

Mbele! Kana kwamba ukiziwi unatokana na kukaa nyuma. Aliniweka karibu na redio mpaka magoti yangu yakagusa meza, akaniacha hapo. Nyuma yangu watu wazima na vijana wakaandika. Niligeuka mara kwa mara kuwatazama. Kuna wakati walicheka wote kwa pamoja, nami sikujua wanacheka nini. Nilibaki nikitazama kile kitambaa cha spika hadi kipindi kikaisha, kisha mratibu akaniuliza, bila haya, kama nimefaidika.

Baada ya hapo wifi yangu, mke wa kaka, alijitolea kunisikilizia nyumbani. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba, na alikuwa na mtoto mchanga. Alimpakata mtoto huku, kalamu huku, akaandika anachokiwahi.

"Wifi, huyu mtu anaongea kama anakimbizwa," alinilalamikia.

Na ilikuwa miaka ambayo dukani hukuti sabuni, sembuse betri. Zile kuukuu tulizianika juu ya bati zipate jua, zikarudi na nguvu kidogo. Katikati ya somo nilimwona wifi anainama, anabandika sikio kwenye redio, kisha anainua kichwa na kutikisa.

"Amekufa," alisema. Yaani mtangazaji. Kutoka hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Jibu langu la jiografia lilirudi kwa posta likiwa na maandishi mekundu: "Hukusikiliza kipindi." Hilo tu. Wifi alilisoma akalia, akidhani amenikosesha yeye. Mimi sikulia. Nilikasirika hivi kwamba nilikwenda uani nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika siku hiyo, nikazipasua zote.

Huko kwenye kuni ndiko wazo liliponijia. Mtangazaji hatoi somo kichwani. Ameliandika mahali, au ameandikiwa, analisoma kwenye karatasi. Basi nipeni karatasi! Sikutaka watengeneze redio ya viziwi. Nilitaka kitu ambacho tayari kipo, kimelala mezani kwa mtu.

Nikapanda basi hadi Moshi, kwenye ofisi ya hayo masomo ya posta. Nilipokelewa na bwana mmoja kijana aliyeongea huku anatafuna kalamu. Nilimwomba aitoe nione midomo yake. Hakupenda. Akaamua kuniandikia: "Karatasi za vipindi ni mali ya ofisi. Wanafunzi wote ni sawa. Tukikupa wewe, wengine nao watataka."

"Basi wapeni na hao wengine!" nikamwambia.

Niliona watu wa meza za pembeni wamegeuka, nikajua nimepaza sauti. Akaongeza chini ya maandishi yake: "Usipige kelele ofisini."

Nilirudi Same nikasoma bila redio. Mtihani niliufanya. Kiswahili na historia nikafaulu, jiografia ikanishinda. Nikajifunza kupiga chapa, nikapata kibarua parokiani.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Mitumba ikajaa sokoni, betri za kila rangi zikapangwa barabarani. Vipindi vya masomo navyo vikakoma. Siku moja, kwenye kituo cha mabasi, nilinunua karanga kwa mama mmoja aliyezifunga kwenye karatasi. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi. Imepigwa chapa: "Mtangazaji: Habari za jioni, mwanafunzi. Leo tutaona kwa nini upande mmoja wa mlima hupata mvua na upande wa pili hukauka."

Nikasimama pale na upepo wa Same unanipiga vumbi usoni. Mimi niliyezaliwa upande wa mvua nikahamia upande mkavu, nilifelishwa somo la mlima wetu wenyewe. Chini kabisa, penye mafuta ya karanga, palikuwa na maneno haya: "Kama hukusikia vizuri, muulize mwenzako aliye karibu."

Nilimuuliza yule mama karatasi kazitoa wapi. Akasema zinauzwa kwa kilo, zinatoka Moshi. Nikamwomba alizobakiza. Aliniangalia usoni, akanipa zote.

Nilikwenda nazo moja kwa moja kwa mratibu. Siku hizo alikuwa amestaafu na kufungua tuisheni yake mwenyewe. Nikazitandaza mezani pake. Alizitambua.

"Dada, usikasirike," akasema. "Zama zimebadilika."

"Hizi zilikuwa mali ya ofisi," nikamwambia. " Leo zinafungia karanga. Hukuweza kuniombea hata moja?"

Alivua miwani akaifuta. Mwisho akauliza nataka nini. Nikamwambia: kila kitakachosemwa kwa mdomo darasani mwake kipigwe chapa kwanza, kitolewe nakala, kiwe mikononi mwa mwanafunzi kabla mwalimu hajafungua kinywa. Kazi hiyo nitaifanya mimi, na nitasoma jiografia humo humo. Alinung'unika kuhusu bei ya stensili za kutolea nakala, lakini alikubali.

Nilipiga chapa masomo mchana kutwa. Msichana kiziwi kutoka Kihurio akaja, halafu kijana mwenye kigugumizi aliyeogopa kuuliza maswali. Wale wanaosikia nao walizigombania nakala, hasa waliochelewa kutoka mashambani. Jiografia nikaifanya tena nikafaulu.

Kwenye sherehe ya kufunga mwaka, mgeni rasmi alisimama kumsifu mratibu. Nilikuwa nimekaa mahali ninapoona midomo vizuri. Alisema ameguswa na huruma ya mzee huyu kwa wasiojiweza. Watu wakapiga makofi. Wifi, aliyekaa kando yangu, akanishika mkono ili nisiinuke. Niliinuka. Nilisema kwa sauti nisiyoweza kuipima kwamba ninajiweza, na kwamba somo nililitafuta mimi, kwenye karatasi zinazouzwa kwa kilo. Mgeni akatabasamu, akaendelea kusoma hotuba yake kwenye karatasi.

Sikuomba nakala.