Jiko la Oili Chafu

Fundi magari wa Lugoba hakuacha kamwe kuisugua oili chafu ya injini kati ya vidole, kuhakikisha haina maji, kabla ya kuimimina kwenye jiko aliloliunda mwenyewe. Majirani walimtania, "Fundi, utatulipua!" naye akicheka tu. Masika yalipolowesha kuni zote, jirani yake Shufaa akakosa maji ya moto ya kumkanda binti yake aliyejifungua jana yake. Fundi akalileta jiko kwa toroli hadi uani kwa Shufaa. Akasugua, akawasha, akasimama mikono nyuma kama baba wa bwana harusi, moto ukinguruma bila moshi. Maji yalipotokota, Shufaa alimshukuru huku machozi yakimlengalenga.

"Ahsante ya nini, dada? Oili hii imepeleka basi Arusha na kurudi. Ingeshindwa na sufuria ya maji?"